Jiko la Kopo la Tomati

Bukari haipikwi kwenye jiko la alkoli. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la wazazi wa huku Kasapa wanapoona vikopo vyangu vimepangwa dirishani. Bukari inataka sufuria nzito, moto wa kudumu na mkono wenye nguvu za kusonga. Ukiiweka juu ya kikopo chenye upana wa sentimita tano, mwiko ukizunguka mara moja tu sufuria inapinduka na alkoli inayowaka inamwagikia miguu ya mpishi. Kwa bukari, sombe na maharagwe kuna mbabula, jiko letu la makala, na mbabula hiyo sina ugomvi nayo. Jiko la alkoli ni la chai, la uji wa mtu mmoja, la mayai mawili, la maji ya moto ya kusafishia kidonda alfajiri ya baridi.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, na likizo kubwa ikifika nawasindikiza vijana wa chama cha Kiro kambini. Hatuendi mbali, ni hapahapa Annexe. Annexe ndiyo komini inayouzunguka mji wa Lubumbashi, kuanzia Kasapa yenye chuo kikuu hadi Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi na Kimbembe, na bado kuna pembe zake ambapo nyumba zinakwisha na nyasi zinaanza. Julai huko ni baridi ya kweli. Mji wetu uko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Kijana aliyelala chini kwenye turubai akiamka saa kumi na moja hataki hotuba, anataka kikombe cha kitu cha moto, na anakitaka sasa.

Makala hayampi kwa haraka hiyo. Mbabula inataka vijiti, karatasi, kupepea na subira ya nusu saa hivi kabla haijashika vizuri. Gunia la makala linachafua kila kinachobebwa pamoja nalo. Kubwa zaidi, asubuhi yanabaki majivu yenye makaa hai chini yake, wakati nyasi za Julai zimekauka kiasi kwamba cheche moja inatosha kuchoma kilima kizima. Kopo la alkoli likiisha limeisha, haliachi kaa lolote nyuma.

Nitasema pia lile ambalo wenye kusifu majiko haya hupenda kuliruka. Kikopo changu hakiokoi msitu. Kila siku baiskeli zilizolemewa magunia marefu ya makala huingia mjini kwa barabara zetu za Annexe, zikisukumwa na watu waliotoka mbali, na kila mwaka mahali pa kukata miti ya miombo panazidi kusogea mbali na mji. Makala hayo yanaivisha chakula cha familia ambazo umeme wa kampuni ya SNEL unazijia na kuzitoka bila kuaga. Ili alkoli ichukue nafasi hiyo, pangehitajika kiwanda, usafirishaji na bei ambayo mama wa Kasungami anaimudu. Nairobi walijaribu kwa upana: kampuni ya KOKO Networks iliweka mashine madukani, mteja akaja na mtungi wake, akajaza ethanoli na kurudi nayo nyumbani kwenye jiko lililotengenezwa kwa ajili hiyo. Huku kwetu alkoli inauzwa farmasia kwa chupa ndogo ya kusafishia vidonda. Ukipiga hesabu ya kupikia familia nzima, makala ni rahisi zaidi kuliko alkoli hiyo.

Jiko lenyewe si uvumbuzi wa vijana wangu, ingawa wengine wanapenda kuamini hivyo. Huko Uswidi, katika kijiji cha Trångsviken, kampuni ya Trangia ilianza mwaka 1925 kutengeneza sufuria, na baadaye ikapata jina duniani kwa jiko dogo la alkoli la shaba nyeupe ambalo wapanda milima na wanajeshi wanalibeba mpaka leo. Halina pampu, halina bomba, halina kitu cha kuharibika. Watembeaji wa Marekani na Ulaya walikata makopo ya soda wakapata kitu kinachofanya kazi ileile kwa uzito wa barua. Sisi tunatumia kopo la tomati. Makopo ya soda ni ya alumini laini: yanakatika kwa mkasi, na pia yanabonyea ndani ya mfuko siku ya kwanza. Kopo la tomati la gramu 70 ni la chuma, tena linapatikana kwenye jalala la kila nyumba.

Lifungue upande wa juu, lioshe, ukingo wenye makali uubonyeze kwa koleo mpaka kidole kipite bila kukatika. Chonga kipande cha mti kinachoingia kopo barabara, ukisukume ndani, kwa sababu bila hicho msumari utalipondaponda. Kisha toboa. Safu ya kwanza ya matundu 12 iwe sentimita moja chini ya ukingo, yazunguke kopo lote kwa nafasi sawa. Safu ya pili, matundu mengine 12, iwe chini yake kidogo, kila tundu likikaa katikati ya mawili ya juu. Yatanue kwa ncha ya mkasi hadi milimita tano hivi. Ndani ya makopo mengi kuna rangi ya kuzuia kutu, na hiyo lazima iungue kwanza. Washa moto wa kwanza nje, bila sufuria, ukae upande upepo unakotokea. Harufu yake ni mbaya na hutaki ikae kwenye chai yako.

Kinachowaka si alkoli iliyolala kitakoni mwa kopo. Ni mvuke wake. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo ukiiwasha inaanza kwa ulegevu, moto mdogo unapasha chuma, chuma kinapasha alkoli, mvuke unaongezeka, na baada ya dakika moja hivi unasikia sauti nyembamba ya kuchemka ndani ya kopo. Hapo ndipo unaweka sufuria juu ya kopo lenyewe. Mdomo unafungwa, mvuke unatafuta njia kwenye matundu ya ubavuni, na ndimi ndogo za moto zinachomoza kuzunguka kopo. Ukiweka sufuria mapema mno, kabla mvuke haujapata nguvu, moto unakosa hewa na kufa. Vijana wenye haraka hujifunza hili wenyewe, sihitaji kuwaambia.

Mwanzoni utaona kitako cha sufuria kinatokwa jasho, matone yanadondoka pembeni. Sufuria haivuji. Alkoli inapoungua inazaa maji pamoja na hewa ya kaboni, na mvuke wa maji hayo unageuka matone kwenye chuma baridi kabla hakijapata moto. Masizi hakuna. Sufuria inarudi nyumbani nyeupe kama ilivyoondoka, na ninawajua akina mama waliokubali watoto wao waende kambini kwa sababu hiyo tu.

Pembeni pa kopo naweka mafiga matatu ya mawe au vipande vya tofali, mafupi kuliko kopo kwa unene wa kidole. Hayabebi sufuria. Yapo ili ikiinama idakwe kabla haijaanguka. Halafu kinga ya upepo: ukanda uliokatwa kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, uzunguke sufuria ukiacha nafasi ya kidole, na chini uwe na matundu ya kuingiza hewa. Bila kinga hiyo upepo wa Julai unakula nusu ya moto wako.

Sasa sehemu ambayo naipenda kuliko zote. Jiko hili halina kitufe. Huwezi kulipunguza wala kuliongeza, na huwezi kulizima kwa urahisi. Kila uamuzi unafanywa kabla ya kiberiti: kiasi cha alkoli, mahali pa kuweka, sufuria ipi, nani anakaa wapi. Kwa hiyo kipimo ni kila kitu. Kwenye farmasia ileile unayonunua alkoli, nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Nusu lita ya maji ya asubuhi, sufuria ikiwa na kifuniko na upepo ukiwa umezuiwa, inachemka kwa mililita 20 za alkoli ya asilimia 90, kwa dakika saba au nane. Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko, basi usingoje mia. Nami sijazi kopo zaidi ya mililita 25, ili alkoli ikae mbali na matundu ya safu ya chini.

Soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa. Farmasia zina alkoli ya asilimia 90 na ya asilimia 70. Ile ya 70 inaua vijidudu vizuri kwenye ngozi, lakini karibu theluthi yake ni maji, na moto wako utatumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kabla haujafikiria chai. Itawaka, itasinzia, itakuachia kidimbwi kitakoni mwa kopo.

Na lutuku? Kila kambi ina kijana mmoja anayeuliza, akicheka. Lutuku ya mahindi na mihogo inayokenekwa kwenye mitaa yetu ni alkoli ileile ya ethanoli, lakini iliyo nyingi ina maji karibu nusu au zaidi. Ikipata joto inashika moto, inatoa ulimi wa buluu wa kufurahisha watu, halafu haichemshi kitu. Swali hilo huwa nalitumia kuingiza jambo zito zaidi. Ipo alkoli nyingine, methanoli, inayouzwa kwa kazi za viwandani, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ethanoli. Inawaka vizuri sana. Mtu akinywa kidogo tu anaweza kupofuka, akizidisha anakufa, na mvuke wake nao ni sumu. Chupa isiyo na karatasi inayoeleza ndani kuna nini haiingii kambini mwangu, hata ikiwa ya bure. Wala alkoli ya jiko haiwekwi kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Chupa yetu ina rangi nyekundu shingoni, na inakaa kwa kiongozi.

Mwali wa alkoli ni wa buluu hafifu. Usiku unaonekana. Kwenye jua la saa nne asubuhi hauonekani kabisa.

“Yaya, moto ilizima!” kijana atasema, mkono tayari kwenye chupa.

“Haiyazima. Weka mkono juu, mbali, usikie.”

Anaweka kiganja juu, mbali, na anakiondoa haraka. Kosa hilo la kudhani moto umezima ndilo linalounguza watu. Mtu anadhani jiko limezimika, anamimina alkoli kwenye kopo lenye moto asiouona, mwali unapanda kwenye mkondo unaomiminika hadi ndani ya chupa, mvuke uliomo unalipuka na kurusha moto mbele. Mara nyingi anayeungua si aliyeshika chupa, ni aliyekaa mkabala naye. Kwa sababu hiyo chupa hufungwa na kupelekwa hatua kumi kando kabla kiberiti hakijawashwa, na hairudi mpaka kopo limepoa kiasi cha kushikwa kwa mkono mtupu. Chai isipotosha tunakunywa iliyopo. Ukitaka kuuona mwali mchana, nyunyiza chembe za chumvi ya jikoni kwenye ukingo wa kopo kabla ya kuwasha: sodiamu inaupaka moto njano. Somo hilo darasani huchukua saa nzima. Kambini ni sekunde tatu.

Pa kuwashia tunapakwangua kwa jembe hadi udongo mtupu, upana wa hatua mbili kila upande. Karibu kunakaa sufuria kubwa iliyo tupu, ya kulifunika jiko likipinduka, pamoja na ndoo ya mchanga. Maji mengi huizima alkoli kwa kuwa huchanganyika nayo, ila ukirusha kidogo kwa pupa unaisambaza ikiwa bado inawaka.

Ndani ya hema hakuwashwi kitu. Kila msimu wa baridi kuna watu mjini wanaoingiza mbabula chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Makala yanayofuka yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Jiko la alkoli nalo hutoa hewa hiyo, hasa sufuria baridi inapoubana mwali, na hema ni dogo kuliko chumba. Upepo ukizidi tunakula mkate na karanga.

Kopo likishapoa, alkoli iliyobaki, kama ipo, naiacha iruke hewani badala ya kuirudisha kwenye chupa, maana imeshachanganyika na maji na kutu. Kopo linafutwa kwa kitambaa na kuingizwa ndani ya kikombe, kinga ya upepo inakunjwa kukizunguka, bomba la sindano linakaa katikati. Baada ya msimu mmoja au miwili chuma kinaliwa na kutu kuanzia kwenye matundu. Hapo naomba kopo jingine kwa jirani anayepika mboga na tomati.