Kocha wa Jozi Nane

Katika dansi ya mashindano huko Ulaya, mwanamume hubandikwa namba mgongoni, na kazi yake ukumbini ni kuhakikisha majaji wanaiona. Jozi nyingi huzunguka sakafu moja kwa wakati mmoja, kila dansi ni ya dakika moja na nusu hivi, na asiyejitokeza hachaguliwi. Ndivyo walivyolelewa vijana wa dansi tangu mashindano ya Blackpool, Uingereza, yaanzishwe mwaka 1920: shingo ndefu, mabega chini, macho juu ya vichwa vya watu.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo, mpe timu ya fomesheni aifundishe. Jozi nane zinacheza muziki mmoja uliopangwa kwa ajili yao, kwa muda usiozidi dakika sita, kuingia na kutoka kukiwemo. Zinachora duara, mshazari, nyota. Nguo ni sare, nywele zimelazwa kwa jeli mtindo mmoja. Hapo anayeng'ara kuliko wenzake ameharibu.

Dansi hii ya fomesheni imeshika sana Ujerumani, na hasa katika miji miwili ya mto Weser. Bremerhaven ilitamba na dansi za Kilatini chini ya Horst Beer, aliyekuwa mchezaji wa mashindano kabla ya kuwa kocha. Baadaye Bremen, kilomita sitini hivi juu ya mto, ikachukua zamu chini ya Roberto Albanese na kubeba ubingwa wa dunia mara nyingi. Ipo ligi yenye kupanda na kushuka daraja kama ya mpira, na mashabiki wanaopiga kelele ambazo Blackpool wangezionea haya. Katika fainali majaji huinua vibao vya namba mbele ya umma. Hakuna pa kujificha, si kwa jaji wala kwa kocha.

Lakini ukitaka kuijua jamii hii, usiishie kwenye fainali. Nenda klabuni. Klabu ni chama cha wanachama wenye kulipa ada. Wazazi na wachezaji wastaafu ndio wanaouza kahawa na keki siku ya mashindano. Mwisho wa wiki huliwa na mazoezi: kuhesabu, kurudia, kutazama video, kurudia tena. Timu ya kwanza ikimaliza na muziki wake na mchoro wake, mara nyingi timu za chini huvirithi, nguo na vyote. Wapo watakaoona huo ni umaskini wa ubunifu. Mimi naona ndiyo namna ufundi unavyoshuka kutoka kwa wakubwa hadi kwa wadogo, maana kijana hujifunza nafasi ambayo mtu anayemfahamu alikwisha kuitolea jasho.

Na yupo mchezaji wa akiba, ambaye kama kombe lingekuwa langu ningempa yeye. Hujifunza nafasi za watu kadhaa, si moja, kwa sababu hajui ni nani atakayeteguka kifundo cha mguu. Aweza kumaliza msimu bila kukanyaga sakafu. Kocha aliyezoea kutafutwa na macho ya majaji hupata taabu kumthamini mtu wa namna hii, na bado itambidi amtafute mapema, pengine kabla hajachagua muziki.