Umeme wa makapi ya mkonge wahitaji daftari la vipimo kila siku

KWA zaidi ya karne moja hesabu ya shamba la mkonge mkoani Tanga imekuwa ni tani za singa, basi. Ndivyo ilivyokuwa tangu Dk. Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikasalia hai 62 tu. Na ndivyo ilivyokuwa mwaka 1964, nchi ilipozalisha zaidi ya tani 230,000. Kilichotoka upande wa pili wa korona kiliitwa makapi, kikaachwa kioze mitaroni au kishuke mtoni.

Lakini makapi ndiyo sehemu kubwa ya zao lenyewe. Kwa mujibu wa tafiti za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila tani moja ya singa huacha nyuma takriban tani 25 za makapi na mita za ujazo 100 za maji machafu. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za majani yanayokatwa, kubebwa na kusagwa, kinachouzwa ni kilo nne hivi.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa majaribio wa bayogesi kwenye shamba la Hale, wilayani Korogwe. Ilisaidiwa na Serikali, Mfuko wa Pamoja wa Mazao na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda. Jenereta ya kwanza ilikuwa ya kilowati 150. Hale si mgeni wa umeme, kwani kituo chake cha maji cha megawati 21 kipo tangu mwaka 1964. Safari hii umeme ulitafutwa kwenye takataka.

Kwenye karatasi hesabu inavutia. Mita moja ya ujazo ya gesi ya methani ina nguvu ya karibu uniti 10, na injini ya kawaida ya gesi hugeuza theluthi moja hivi kuwa umeme. Kwa hiyo kilowati 150 zinahitaji takriban mita za ujazo 43 za methani kwa saa, au kama 1,000 kwa siku. Maabara imewahi kupata mita za ujazo 0.32 kwa kila kilo ya sehemu ya makapi inayooza, ukiondoa maji na majivu. Ikichukuliwa kuwa makapi mabichi yana maji asilimia 85, zinahitajika tani 25 hivi kwa siku, yaani makapi ya tani moja tu ya singa.

Kama ni rahisi hivyo, mbona kila korona haina jenereta yake?

Jibu ni kwamba ndani ya lile tangi hakuna mashine, kuna viumbe hai. Kundi la kwanza la bakteria huvunja makapi na kuyageuza tindikali. Kundi la pili hula tindikali hiyo na kutoa methani. Kundi la kwanza ni wepesi, huongezeka maradufu kwa saa chache. La pili ni wazito, huchukua siku kadhaa. Mtambo ukilishwa kupita kiasi, wa kwanza hushangilia, tindikali hurundikana, na wale wanaotoa gesi hulemewa mpaka wanyamaze. Kuwaamsha tena kunaweza kuchukua wiki nyingi, na wakati huo mkopo wa benki unaendelea kuhesabu riba.

Ndiyo maana usanifu wa mtambo wa namna hii huanzia kwenye korona, wala si kwenye tangi. Chukua korona inayotoa tani tano za singa kwa siku. Maji yake ni mita za ujazo 500. Iwapo kila kitu kitaingizwa tangini, na bakteria wanahitaji kukaa na chakula chao siku 20, tangi litapaswa kuwa na ujazo wa mita 10,000 kwa ajili ya maji peke yake. Hakuna shamba la mkonge litakalolipa zege la ukubwa huo. Makapi yakitenganishwa na maji mapema, ujazo unaohitajika unashuka hadi robo hivi, au zaidi kidogo yakizimuliwa. Kukata matumizi ya maji kwenye korona ni uamuzi wa fedha kabla haujawa wa mazingira.

Jambo la pili ni mlo usiokatika. Korona husimama mvua inapofunga barabara za shamba, umeme unapokatika, au wakataji wanapokwenda sikukuu. Bakteria hawana sikukuu. Wakikaa na njaa siku kumi kisha wakamwagiwa shehena ya siku mbili kwa mpigo, matatizo yale ya tindikali huanza. Bwawa la akiba la makapi yaliyosindiliwa vizuri, linalotosha wiki moja au mbili, lina thamani kubwa kuliko jenereta ya pili.

Halafu kuna kupima, na hapa ndipo wawekezaji wengi hubana matumizi mahali pasipostahili. Joto liwe karibu nyuzi 35, lisipande na kushuka ovyo. Kipimo cha pH kiwe kati ya 6.8 na 7.4. Hata hivyo, anayetegemea pH peke yake huchelewa. Chumvi zilizomo tangini huzuia pH isishuke hata pale tindikali inapokuwa imeanza kujaa, na siku inaposhuka, mambo yameshaharibika. Kinachotoa onyo mapema ni uwiano kati ya tindikali na uwezo wa tangi kuihimili. Ukivuka 0.4 hivi, mlo upunguzwe siku hiyo hiyo. Kipimo hicho hakihitaji maabara ya ng'ambo. Fundi aliyefunzwa hukifanya mezani kwa chupa za kioo na dawa mbili tatu. Chokaa husaidia kwa dharura, lakini anayeimwaga kila wiki anatibu homa bila kutafuta ugonjwa.

Gesi nayo ipimwe kabla ya kuingia kwenye injini. Harufu ya yai viza ni dalili ya salfa inayokula vyuma, na kuichuja kwa vipande vya chuma chenye kutu ni nafuu kuliko kufungua injini upya.

Kipo pia kipengele cha mchanganyiko. Utafiti wa Anthony Mshandete, Amelia Kivaisi na wenzao, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa makapi ya mkonge yakichanganywa na mabaki ya samaki kwa theluthi moja, methani hufikia mita za ujazo 0.62 kwa kilo, dhidi ya 0.32 ya mkonge peke yake. Mkonge una upungufu wa naitrojeni, na samaki wanayo tele. Hayo ni mavuno ya maabara, na samaki wa kutosha hawapatikani kila shamba, lakini samadi ya ng'ombe ipo jirani na mashamba mengi.

Linabaki suala la nani anafaidi. Mkulima mdogo anayepeleka majani korona kwa kawaida hulipwa kwa kilo za singa. Makapi hubaki kwa mwenye korona, na maadamu yalikuwa uchafu hakuna aliyelalamika. Tangu Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilipofungua njia kwa wazalishaji wadogo, wenye mitambo isiyozidi megawati 10, kuuza umeme kwenye gridi, uchafu huo una bei. Tope linalobaki baada ya gesi kutoka nalo ni mbolea, na limebeba madini yaliyotoka kwenye udongo wa mkulima huyo huyo. Mikataba ya wakulima wa nje ingepaswa kutaja kwa maandishi fungu la mkulima katika umeme, na idadi ya matela ya tope yatakayorudi shambani kwake kwa kila shehena ya majani aliyoleta.