Mtaalamu wa Hataza Katika Nchi ya Korosho

Katika wilaya za Masasi na Newala, mkorosho ndio karo ya shule na ndio bati la nyumba. Hata hivyo, kiini cha korosho hakiliwi mpaka kitengwe na ganda lake, na ganda hilo lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Ndiyo maana wabanguaji wa mikono, ambao wengi wao ni wanawake, hujipaka majivu au mafuta viganjani kabla ya kuanza kazi. Tuseme fundi mmoja wa Masasi amebuni kifaa cha kupasua ganda bila kuvunja kiini wala kuunguza mkono. Je, atafaidikaje na akili yake? Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa hataza.

Hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na taifa. Mvumbuzi hueleza waziwazi jinsi kazi yake inavyofanyika. Taifa nalo humpa, kwa muda maalumu, haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza bila idhini yake. Kwa Tanzania Bara, sheria ya hataza ilitungwa mwaka 1987 na kuanza kutumika mwaka 1994. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2008.

Kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kupekua. Hataza hutolewa kwa jambo lililo jipya, lisilo dhahiri kwa fundi wa kawaida, na linaloweza kutumika viwandani. Mashine za kubangua korosho si ngeni: viwanda vilivyojengwa kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 viliwekewa mitambo kutoka Italia na Japani. Hapana budi mtaalamu asome kumbukumbu za hataza za dunia ili ajue wengine waliishia wapi. Upekuzi huo una faida nyingine. Uvumbuzi ambao muda wa hataza yake umekwisha, au ambao haukupata kulindwa nchini, fundi wetu anaweza kuuiga hapa bila kumlipa mtu.

Kazi ya pili ni kuandika madai, yaani maneno yanayochora mpaka wa haki. Akiandika kwamba kifaa kina mpini wa mninga, jirani atatengeneza chenye mpini wa chuma na kuponyoka. Akidai kila mashine ya kubangua korosho, atakataliwa, kwa kuwa nyingine zilikuwapo kabla yake. Sharti aione sehemu ile iliyo mpya kweli, pengine umbo la kisu lililofuata mkunjo wa korosho, na kuitaja barabara.

Aidha, mtaalamu hulinda mali ya umma. Ukaushaji wa mabibo, unaojulikana vijijini tangu zamani, hauwezi kugeuzwa kuwa mali ya mtu mmoja kwa kuandikwa tu katika fomu. Nazo aina mpya za mikorosho, kama zile zinazozalishwa na watafiti wa Naliendele mkoani Mtwara, haziingii katika hataza. Aina mpya za mimea zina sheria yake, iliyotungwa upya mwaka 2012, na mwaka 2015 Tanzania ilijiunga na umoja wa kimataifa unaolinda haki za wagunduzi wa aina hizo.

Lakini utaalamu wote huu unaweza kushindwa na jambo dogo. Fundi aliyejaa furaha hukipeleka kifaa chake kwenye maonyesho ya Nanenane kule Ngongo, Lindi, akaeleza kila skrubu mbele ya umati, ndipo akakumbuka kuomba hataza. Kilichokwisha kutangazwa huweza kuhesabiwa kuwa si kipya tena, na haki ikapotea kwa ulimi wa mwenyewe. Basi, ndugu mvumbuzi, kwanza andikisha, kisha onyesha.