Majira ya Mapukutiko: Siri ya Majani Yageukayo Rangi

Katika nchi zilizo mbali na Ikweta mwaka hugawanywa katika majira manne. Miongoni mwake yamo yale yafuatayo joto na kutangulia baridi kali, ambayo watu wengi wa nchi hizo huyapenda kuliko mengine yote. Joto limepungua, mavuno yameingia ghalani, na misitu imegeuka rangi ya dhahabu na ya damu. Huko Japani watu hufunga safari makusudi kwenda milimani kutazama majani mekundu, na katika jimbo la Vermont, Marekani, wageni humiminika kila mwaka kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba kwa sababu hiyo hiyo.

Baadhi ya kamusi huyaita majira hayo vuli. Neno hilo laweza kumpoteza mwanafunzi asipotahadhari. Vuli ya Afrika Mashariki ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati wa kupanda na kuchipua. Majira yanayozungumzwa hapa ni wakati wa kupukutika. Kwa hiyo yafaa yaitwe majira ya mapukutiko.

Mti huhesabu siku

Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu, hivyo urefu wa mchana hubadilika kadiri mtu anavyokwenda mbali na Ikweta. Mjini Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja. Lakini kwenye latitudo ya nyuzi 45 Kaskazini, mchana wa Juni huwa na saa 15 na nusu hivi, na ule wa Desemba haufikii saa 9. Mchana unapopungua na usiku kupoa, mti hupata ishara kwamba baridi inakaribia.

Baridi hiyo ni hatari. Ardhi ikiganda, mizizi haiwezi kuvuta maji, ilhali jani pana huendelea kuyapoteza hewani. Tena theluji ikilundikana juu ya majani, matawi huvunjika. Basi mti hauna budi kuyaacha majani yake. Lakini hauyaachi kabla ya kuchukua mali iliyomo.

Mali hiyo ni hasa naitrojeni na fosforasi, ambazo hupatikana kwa taabu udongoni. Kwa majuma kadhaa mti huvunjavunja protini za jani na kurudisha madini hayo kwenye matawi na shina, yapate kutumika majani mapya yatakapochipua. Wakati huo huo, kwenye kikonyo cha jani, hujengwa tabaka la seli dhaifu. Tabaka hilo likikamilika, upepo mdogo tu hutosha kulidondosha jani, na kovu linalobaki huwa limekwisha kuzibwa.

Rangi zatoka wapi?

Ukijani wa jani hutokana na klorofili, ambayo hunasa nuru ya jua kwa ajili ya usanisinuru. Mti unapofunga kazi, klorofili huvunjwa. Kwa muda mrefu wanasayansi hawakujua huishia kuwa nini, kwa kuwa mabaki yake hayana rangi. Mwaka 1991 Bernhard Kräutler, Philippe Matile na wenzao walieleza umbo la mojawapo ya mabaki hayo, waliloligundua katika majani ya shayiri.

Klorofili ikiisha, rangi za manjano ziitwazo karotinoidi huonekana. Hizo zilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ila zilifunikwa na ukijani. Rangi nyekundu ni jambo jingine. Hiyo hutokana na anthosayanini, ambazo katika miti mingi hutengenezwa upya jani likiwa linakaribia kufa. Mchana wenye jua na usiku wenye baridi isiyogandisha huzizidisha.

Kwa nini mti utumie sukari yake kulipaka rangi jani linalokufa? Hapo wataalamu wangali wakijadiliana. Wengine husema anthosayanini ni kama mwavuli: hukinga jani lisidhuriwe na nuru kali wakati mitambo yake inapobomolewa, ili madini yapate muda wa kurudi shinani. Maoni mengine yalitolewa na William Hamilton na Sam Brown katika makala iliyochapishwa mwaka 2001, baada ya kifo cha Hamilton. Wao walieleza kuwa rangi kali ni onyo kwa wadudu kama vidukari, kwamba mti huo una nguvu za kujilinda. Huenda kila upande una sehemu ya ukweli.

Mfano ulio karibu

Mwanafunzi wa Pwani hana haja ya kusafiri hadi Vermont. Mkungu uotao kando ya bahari hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha. Katika misitu ya miombo mambo huwa kinyume: majani machanga ndiyo mekundu, nayo huchipua kabla ya mvua kunyesha. Hapo rangi huonekana mwanzoni mwa uhai wa jani, si mwishoni.

Darasani jaribio ni jepesi. Jani bichi lipondwe katika spiriti, mbali na moto, na ncha ya karatasi ya chujio ichovywe humo. Spiriti ikipanda, mistari ya kijani na ya manjano itajitenga. Kisha jani jekundu la mkungu lichemshwe katika maji, na maji hayo yagawanywe katika vikombe viwili. Kimoja kitiwe ndimu na kingine magadi, na wanafunzi waandike tofauti ya rangi waionayo.

Kalenda inayosogea

Kumbukumbu za miongo ya karibuni zinaonyesha kwamba, kwa kuwa dunia inapata joto, katika sehemu nyingi za Kizio cha Kaskazini majani hugeuka rangi kwa kuchelewa kuliko zamani. Mahali pengine ukame huyapukutisha mapema, kabla mti haujamaliza kukusanya akiba yake. Urefu wa mchana haujabadilika, bali joto limebadilika. Na mti uliozoea kuzifuata ishara hizo mbili kwa pamoja sasa hupata habari zisizopatana. Mtazamaji aweza kupoteza juma moja la rangi nzuri; mti waweza kupoteza chakula cha mwaka ujao.