Mbwa wa Shamba Asiyeshika Neno: Kosa ni la Nani?

Masika yakikaribia, wakulima wa Muheza, Pangani na Handeni hushika majembe kupanda mahindi. Mbegu ikiisha kufukiwa, adui wa kwanza si jua wala mdudu, bali ni kanga. Kundi la ndege hao wenye madoa huingia shambani alfajiri, likafuata mistari ya upandaji na kuchakura punje moja baada ya nyingine. Kwale naye hakosi. Familia iliyochelewa kuamka hukuta vishimo vitupu, na fedha ya kununulia mbegu nyingine pengine ilikuwa ya sare za shule.

Ndiyo maana wako wanaofuga mbwa wa kuamia shamba. Lakini mara nyingi husikika malalamiko. Leo mbwa huwatimua kanga na kurudi aitwapo; kesho huitwa hata sauti ikakauka, asigeuke; keshokutwa huonekana na jogoo wa jirani kinywani. Hapo fimbo hushikwa, na ujirani huingia dosari.

Ndugu msomaji, kabla ya kumlaumu mnyama yafaa tujiulize: je, amefundishwa kweli? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mbwa wa kuwindia hahesabiwi kuwa amefundishwa mpaka akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata asile windo, na mambo hayo yajirudie mara kadhaa. Hapo pana hekima kubwa. Kutii mara moja si mafunzo; huenda ikawa ni bahati tu.

Kigeugeu cha mbwa aghalabu huanzia nyumbani. Baba humwita kwa neno "Rudi!", mama kwa "Njoo!", na watoto humchochea kwa "Shika!" wanapocheza naye uani kati ya kuku. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapana budi nyumba nzima ikubaliane juu ya neno moja kwa jambo moja, na mtu mmoja awe mwalimu mpaka somo likolee.

Kosa la pili ni adhabu inayochelewa. Mbwa aliyekwenda mbali, kisha akarudi na kupigwa, hajui kwamba anapigwa kwa kwenda. Anajua kwamba kurudi kuna fimbo. Kesho hatarudi. Ujira nao usichelewe. Huko Morogoro, panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya kutegwa ardhini hupewa chakula mara tu wanapofanya sawasawa. Mbwa naye apewe kipande cha ugali au dagaa papo hapo, akiwa bado mbele yako.

La tatu ni kuku anayepatikana mara mojamoja. Mtaalamu B. F. Skinner wa Marekani alionyesha kwamba tabia inayolipwa mara chache, bila kutabirika, huwa ngumu zaidi kuiondoa. Kuku mmoja aliyeliwa Jumatatu hufuta kazi ya juma zima. Basi mbwa asiachwe huru mpaka ahitimu. Mfunge kamba ndefu ya katani, kama hatua kumi hivi, umpitishe karibu na kuku. Akiwatazama akawaacha, msifu na umpe chake. Akivuta, mzuie bila hasira. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zatosha.

Tena, alichojifunza uani hatakijua shambani mpaka afundishwe huko pia. Wala usimpime saa sita mchana: mbwa anayehema kwa joto hawezi kunusa vizuri.

Lakini iko sababu moja isiyongoja mafunzo. Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, au akijificha, akatokwa na mate na kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Msimguse; mwiteni ofisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, kwani dalili zikisha kutokea ni nadra sana mtu kupona. Mbwa achanjwe kila mwaka. Macho yakiingia ukungu na mwili ukikonda, huenda ni ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Naye apelekwe kwa mganga wa mifugo.

Mwisho, kuwafukuza kanga shambani si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji hutaka kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kazi ya mbwa wetu ni kulinda mbegu.

Anzeni basi jioni hii, kabla ya mvua: kaeni pamoja barazani, baba, mama na watoto, mchague neno moja la kumwitia mbwa wenu. Akishindwa nanyi mkawa mmelishika, hapo ndipo mtakapokuwa na haki ya kumlaumu.