Kofi la kwanza si mapenzi: Somo la afya kutoka filamu ya ‘Urban Cowboy’

Ukitaja picha za kauboi, wengi hukumbuka farasi, bastola na vumbi. Lakini zipo picha za kauboi wa siku hizi, anayeendesha pikapu badala ya farasi, anayefanya kazi kiwandani na kuvaa kofia pana jioni tu anapokwenda kunywa. Mojawapo inayojulikana sana ni ‘Urban Cowboy’, filamu ya Marekani ya mwaka 1980 iliyoongozwa na James Bridges.

John Travolta anacheza kama Bud, kijana kutoka mji mdogo wa Spur, Texas, anayekwenda jirani na Houston kutafuta maisha. Ami yake, Bob, anamsaidia kupata kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Usiku huenda Gilley’s, ukumbi mkubwa wa muziki na pombe uliokuwapo kweli katika mji wa Pasadena. Hapo anakutana na Sissy, anayechezwa na Debra Winger. Wanapendana haraka, wanaoana haraka na wanaachana haraka.

Hadithi hiyo ilitokana na makala ya Aaron Latham iliyochapishwa mwaka 1978 katika jarida la Esquire, kuhusu vijana halisi waliokuwa wakienda ukumbini hapo. Ni hadithi ya mapenzi, na watu wengi huikumbuka hivyo. Ukiitazama kwa jicho la afya, utaona pia ugonjwa ambao huku kwetu hufika zahanati kwa majina mengine: “nimeanguka bafuni”, “nimejigonga mlangoni”, “kichwa kinaniuma siku zote”.

Kofi kabla ya pete

Mwanzoni tu mwa uhusiano wao, kabla ya ndoa, Bud na Sissy wanagombana nje ya ukumbi na Bud anampiga kofi. Usiku huohuo anamwomba wafunge ndoa, naye anakubali. Filamu inapita hapo kwa haraka, kama jambo la kawaida la vijana wenye damu moto.

Msomaji, hapo ndipo pa kusimama. Kofi la kabla ya ndoa ni taarifa. Linakueleza mwenzako hufanya nini anapokasirika, anapoona aibu au anapohisi kushindwa. Zawadi, machozi au pete inayofuata haifuti taarifa hiyo. Wataalamu wa ukatili wa kijinsia wameeleza mzunguko unaojirudia katika nyumba nyingi: kwanza hali inachafuka, kisha kipigo, halafu kipindi cha utamu chenye msamaha na ahadi. Mara nyingi kipindi hicho cha utamu ndicho humfanya aliyepigwa abaki. Mambo yanapochafuka tena, kipigo huweza kuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ndoa, ufa huo huanza na kofi moja ambalo kila mtu ameamua kulinyamazia.

Wivu unapogeuka kufuli

Gilley’s kuna fahali wa mashine, chombo kinachorusha na kuzungusha anayekipanda. Bud anakipenda na kujivunia. Sissy naye anataka kujaribu, lakini Bud anamkataza kwa sababu ni mke wake. Sissy anajifunza kwa siri, tena anakuwa hodari. Bud anapogundua, kinachomuuma zaidi ni kwamba mke amefanya jambo bila ruhusa yake na kumzidi mbele ya watu. Wivu, uongo na kiburi vinawatenganisha.

Mtaani tunasema mapenzi bila wivu hayanogi. Wivu kidogo ni hisia ya kibinadamu. Hatari huanza pale hisia inapogeuka kuwa amri. Jiulize maswali haya kuhusu uhusiano wako au wa mwanao:

- Je, mwenzako huamua uvae nini, uende wapi na uzungumze na nani?
- Je, hudai nywila ya simu yako na kukagua ujumbe wako kila siku?
- Je, amekutenga na ndugu na rafiki zako kidogo kidogo?
- Je, hushika fedha zako zote au hukuzuia kufanya kazi au kusoma?
- Je, unapima kila neno kabla ya kusema kwa kuogopa atakavyopokea?

Ukijibu “ndiyo” kwa moja au mawili, usisubiri mpaka upigwe ndipo uamini kuna tatizo. Udhibiti wa namna hii ni ukatili tayari, na mara nyingi hutangulia kipigo.

Kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine

Sissy anapoachana na Bud anakwenda kuishi na Wes, mtu aliyetoka gerezani na anayejua kupanda fahali yule vizuri. Wes naye anampiga, tena vibaya zaidi.

Watu wengi hapa husema, “Si kayataka mwenyewe? Kwa nini haondoki?” Swali hilo huumiza na halisaidii. Mtu aliyezoea kipigo kwa mtu wa kwanza anaweza kudhani ndivyo mapenzi yalivyo. Anayetoka bila fedha, bila pa kulala na bila ndugu wa kumpokea hulazimika kukimbilia mlango wowote uliofunguka. Wengine hubaki kwa ajili ya watoto, kwa kuona aibu, au kwa sababu wametishiwa kuuawa wakiondoka. Tishio hilo si la kupuuzwa. Wakati wa kuondoka, na siku zinazofuata, ni kati ya nyakati za hatari kubwa kwa mwanamke anayepigwa. Ndiyo maana tunashauri kuondoka kwa mpango.

Mwili unavyolipa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupata ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yake, na mara nyingi anayemfanyia ni mwenza wake. Alama za kipigo usoni ni sehemu ndogo tu ya madhara yake.

Wanawake wanaopigwa na wenza wao wana uwezekano unaokaribia mara mbili wa kupata sonona wakilinganishwa na wasiopigwa. Katika baadhi ya maeneo ya dunia, uwezekano wao wa kupata maambukizi ya Virusi vya Ukimwi ni mara moja na nusu zaidi. Wengine huja kliniki wakilalamikia maumivu ya nyonga, tumbo, mgongo au kukosa usingizi. Hupewa dawa za maumivu mwaka hadi mwaka, na chanzo hakiguswi kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kwa mjamzito hatari ni mbili kwa mpigo. Kipigo cha tumboni kinaweza kusababisha mimba kuharibika, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati, au mtoto kuzaliwa njiti. Mjamzito aliyepigwa au kusukumwa akaanguka aende hospitali siku hiyohiyo hata kama hana jeraha. Akitokwa damu, akiumwa tumbo au asipomsikia mtoto akicheza, aende mara moja bila kungoja kupambazuke.

Kukabwa shingo nako kunapuuzwa mno. Mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache na kufa ndani ya dakika. Mara nyingi shingoni hakubaki alama yoyote, lakini ndani mishipa na koo vinaweza kuwa vimeumia, na dalili zikajitokeza saa au siku kadhaa baadaye. Sauti ikikwaruza, ukishindwa kumeza, ukipumua kwa shida, ukiumwa kichwa sana au kupata udhaifu wa upande mmoja wa mwili, nenda hospitali na useme waziwazi: “Nilikabwa.” Tena, mwenza aliyewahi kukukaba ni mtu anayeweza kukuua.

Na pombe je? Katika filamu hii bia haikauki mezani. Pombe huongeza idadi ya vipigo na ukali wake, lakini yenyewe pekee haitoshi kuwa maelezo. Mlevi anayempiga mkewe nyumbani hampigi mwenye baa. Akiacha pombe ni jambo jema, ila bado atahitaji kujifunza kuishi na hasira yake bila kunyanyua mkono.

Watoto wanasikia

Bud na Sissy hawana mtoto. Nyumba zetu nyingi zina watoto, na wazazi hujifariji kwamba “walikuwa wamelala”. Watoto husikia kupitia ukuta, huona uso wa mama asubuhi, na hujifunza.

Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayeshtuka usiku, anayelalamika tumbo bila ugonjwa kuonekana, anayeshuka ghafla darasani au anayepiga wenzake, anaweza kuwa anaeleza kwa mwili wake yale anayoyaona nyumbani. Usimchape kwa hayo. Mwambie mambo matatu: si kosa lako, huna jukumu la kuamulia ugomvi wa wakubwa, na kuna mtu mzima unayeweza kumkimbilia. Kisha mtajie mtu huyo kwa jina.

Msamaha peke yake hautoshi

Ami Bob anamshauri Bud ameze kiburi chake asije akampoteza anayempenda. Ni ushauri mzuri kutoka kwa mkubwa wake. Bob anafariki kwa ajali kiwandani baada ya radi kupiga, na mwisho wa filamu Bud anamwendea Sissy, anaomba radhi hata kwa kule kumpiga, kisha anapoona alama ya kipigo usoni mwake anakwenda kupigana na Wes. Wanaondoka pamoja, na watazamaji wanafurahi.

Katika maisha ya kweli, hadithi haiishi hapo. Kumpiga mwanamume mwingine hakuthibitishi kwamba umeacha kumpiga mke wako. Msamaha ni mwanzo mzuri, lakini mabadiliko hupimwa kwa miezi na miaka. Je, anakubali alichofanya bila kusema “ulinichokoza”? Je, amekwenda kwa mshauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii? Je, unaweza kumkatalia jambo bila kuogopa? Jibu likiwa hapana, ujue bado mpo kwenye kile kipindi cha utamu.

Wewe mwanamume unayesoma hapa na unajitambua, usione haya kutafuta msaada. Kazi ngumu, madeni na msiba humchosha kila mtu, lakini havimpi mtu kibali cha kupiga. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumchapa. Wapo pia wanaume wanaopigwa na wake zao. Nao waje kutibiwa na kusikilizwa bila kuchekwa.

Ufanye nini ukiwa kwenye hali hii

1. Ukiumia, tibiwa kwanza. Mweleze mhudumu ukweli na uombe jeraha liandikwe kwenye faili lako. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, ila matibabu ya kuokoa maisha hayapaswi kusubiri karatasi.

2. Kama umelazimishwa tendo la ndoa, fika kituo cha afya ndani ya saa 72. Baada ya vipimo unaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo humezwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5, lakini kadiri unavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi.

3. Toa taarifa. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Suala la mtoto piga 116 bila malipo. Ukiwa Kenya, namba ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

4. Panga usalama. Weka vitambulisho, kadi za kliniki, akiba kidogo ya fedha na nguo za watoto kwa mtu unayemwamini. Kubaliana na jirani neno la siri litakalomjulisha kuwa uko hatarini. Usitangaze kwamba unaondoka.

5. Wewe ndugu au rafiki, sikiliza, mwamini, usimlaumu na usimlazimishe. Muulize, “Leo uko salama kurudi nyumbani?” Usiende kumkabili mpigaji peke yako kama Bud alivyofanya. Hasira yake inaweza kumwishia aliyebaki ndani.

Mzazi, tazama na mwanao

Marekani filamu hii ilipewa alama inayowataka wazazi watoe mwongozo. Huku kwetu vijana hutazama picha na tamthilia za aina hii kwenye simu, mara nyingi peke yao. Mwanao akitazama hadithi ya mapenzi yenye makofi, usiishie kuzima. Kaa naye umuulize: “Angempiga dada yako hivi, ungesema anampenda? Huyu binti angekuwa na nani wa kumweleza? Huyu kijana angefanya nini hasira ilipompanda?” Waulize wavulana kama unavyowauliza wasichana.

Kisha mhakikishie binti yako kwamba mlango wa nyumbani haujafungwa kwa sababu mahari imepokelewa. Mabinti wengi walirudishwa mara ya kwanza kwa maneno ya “vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo”, na mara ya pili hawakurudi tena kueleza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukipigwa nyumbani, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, na ukienda kliniki safari hii, usiseme ulianguka bafuni.