Ni nini inamaliza protezi ya nyonga?

Wandugu, wengi wetu tunamujua kijana mwenye SS anayechechemea. Ugonjwa ule unaziba mishipa midogo ya damu; kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa. Kikivunjika, mara nyingi inabaki kuweka protezi. Lakini kijana wa miaka 25 ako na safari ndefu mbele yake: karibu hatua milioni 1 kwa kila mguu, kwa mwaka. Basi tuulize: ni vitu gani viwili vinasuguana mule ndani?

Nyonga iko kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mviringo kinazunguka ndani ya kikombe. Munganga Mwingereza John Charnley alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kikombe cha teflon, juu inateleza sana. Ililika ndani ya miaka michache. Kumbe kuteleza si kudumu! Mwaka 1962 akageukia polietileni, plastiki inayovumilia zaidi, na kichwa cha chuma cha milimita 22.

Plastiki hiyo ya zamani ilikuwa inalika karibu milimita 0,1 kwa mwaka. Ni kidogo, ila shida kubwa iko kwa unga wake. Askari wa mwili wanameza chembe zile, wanashindwa kuzisaga, halafu wanaamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa unapungua, protezi inalegea, operasyo inarudiwa. Tena, ukubwa unahesabika: kikombe kikilika kina kilekile, kichwa cha milimita 32 kinatoa unga mara 2 kuliko cha 22.

Chuma kwa chuma inalika kidogo, lakini inaacha kobalti na kromi ndani ya damu. Aina ya ASR iliondolewa sokoni mwaka 2010. Seramiki kwa seramiki inalika kidogo zaidi, ila ni bei kali, inaweza kupasuka, na mara ingine inalia ukitembea. Njia ya katikati ni polietileni iliyopigwa mionzi ili minyororo yake ishikamane. Ilienea tangu mwisho wa miaka ya 1990, na inalika kidogo sana kuliko ile ya zamani.

Kwa hiyo, familia ikichanga feza, iulize munganga mambo matatu: kikombe ni cha nini, kichwa ni cha nini, milimita ngapi? Karatasi ya protezi ichungwe vizuri. Bei ya chini leo inaweza kuzaa operasyo ya pili kesho, na ile ya pili ni nguvu kuliko ya kwanza.